Pesa yako, mkono wako: jinsi ya kufungua akaunti na kuweka akiba ukiwa na ulemavu, huku kwetu Kigoma

Habari zenu ndugu zangu. Mimi natembelea magongo toka nikiwa mdogo, naishi Gungu hapa Kigoma mjini, nauza mawese pale Mwanga, na hii naandika kwa ajili ya mwenzangu mwenye ulemavu ambaye pesa yake mpaka leo inalala chini ya godoro au kwenye simu ya shemeji. Nimekaa na wengi, asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, wa baiskeli ya miguu mitatu, na shida ni ileile. Sio kwamba hatuna kitu kabisa, dagaa tunaanika, mawese tunauza, viatu tunashona, ila pesa ikitoka kwetu lazima ipite mkononi mwa mtu mwingine kabla haijafika inakoenda, na ikishapita huko hairudi yote.

Mama yangu mdogo haoni, anakaa Ujiji. Laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto wa kaka yake, namba ya siri anaijua huyo kijana, kuweka ni yeye, kutoa ni yeye. Mama mdogo akawa anaweka kidogokidogo, elfu mbili, elfu tatu, anahesabu kichwani mpaka ikafika 380,000, siku anataka kununua bati anaambiwa salio ni 11,000. Kijana hakuchukua siku moja. Elfu tano leo, elfu kumi keshokutwa, meseji zikiingia anafuta. Na kulalamika tukashindwa pa kuanzia, maana laini kwa jina ni ya kijana. Kwahiyo kwenye kila hatua hapa chini nitauliza swali hilohilo moja, hapa mkono wa nani ndio umeshika?

Hatua ya kwanza: kitambulisho na laini, kwa jina lako

Kabla ya benki, kabla ya kikundi, uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ni tarakimu 20, usiogope, zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku, alafu zinafuata tano, tano nyingine, na mbili za mwisho. Ukiigawa hivyo hata usiyeona unaishika kichwani siku mbili tu, na ni muhimu uishike, kwa sababu ukishaijua huna haja ya kumpa kila mtu kadi yako aende nayo pembeni "kuisoma".

Kwa wale ambao vidole vimekatika, au vimeliwa na ukoma, au alama zimefutika kwa kazi, mwambie afisa mapema kabla hujaweka mkono kwenye mashine. Kukosa vidole hakukunyimi kitambulisho wala laini. Akisema mashine imegoma, omba kuonana na mkubwa wake, au nenda duka lenyewe la mtandao badala ya yule wa mwavuli barabarani. Ila usikubali kabisa, nasema tena usikubali, ndugu uliyeenda naye aseme "basi weka changu". Pale ndio unapoipoteza laini kabla hujaitumia.

Kama tayari unatumia laini ya mtu, kwanza mwenye hiyo NIDA apige *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na wewe piga kwa laini yako uone zilizo kwa jina lako (nshaona mama mmoja mwenye ulemavu wa akili ana laini nne hazijui hata moja, watu walichukua alama zake tu). Ukishajua, nendeni wote wawili dukani mkabadilishe umiliki. Toa salio lote kabla ya kubadilisha, iwe karatasi mkononi, usiache hata mia.

Hatua ya pili: namba ya siri, na jinsi ya kuibonyeza mwenyewe

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndio penyewe.

Mama mdogo baada ya lile tukio alisema simu basi, harudii. Nikamwambia ngoja. Tukanunua kitochi cha vibonye, tukakaa barazani siku tatu. Kibonye cha 5 kina kinundu kidogo katikati, ukipitisha dole gumba unakisikia. Nikamwambia hapo ndio sokoni, nyumba nyingine zote utazijua ukianzia sokoni: juu yake 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6. Pembeni ya 2 kuna 1 na 3, pembeni ya 8 kuna 7 na 9, na 0 iko chini ya 8. Siku ya kwanza alikuwa anabonyeza huku midomo inahesabu kwa sauti, nikamwambia midomo hiyo ndio wizi wenyewe, jizoeze kuhesabu tumboni. Siku ya tatu alipiga namba yangu bila kukosea hata mara moja, alafu akakaa na ile simu kifuani kama mtu aliyepewa mtoto. Mashine za ATM nazo zimepangwa hivyo hivyo, 1 2 3 juu na kinundu kwenye 5, kwahiyo ukijua simu umejua na ATM.

Kinachofuata ni menyu. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, na Mixx by Yas ambayo ilikuwa Tigo Pesa ni *150*01#. Tafuta mtu unayemwamini akusomee menyu yote taratibu, wewe ukariri njia, mfano kutuma pesa ni namba gani, kuangalia salio ni namba gani. Menyu huwa zinabadilishwa bila kukuaga, ndio maana kila baada ya muda usomewe upya. Alafu sikiliza hapa: namba ya siri huwa inaombwa mwishoni, ukishaweka namba ya mtu na kiasi. Kwahiyo msaidizi akusomee jina lililotokea, akusomee kiasi, alafu simu irudi mkononi kwako, na namba ya siri unabonyeza wewe simu ikiwa imeelekea kifuani. Akisema "niambie tu niweke haraka", mrudishie asante yake na ufute uanze upya. Haraka ya nani?

Kama una simu janja, Android nyingi zina TalkBack, ipo kwenye mipangilio upande wa ufikivu, ukishaiwasha simu inakusomea kila unachogusa, unagusa mara moja isome, mara mbili ifungue. Sauti ya Kiswahili ipo. Vaa hedifoni hasa ukifika kwenye namba ya siri. Shida yake ni zile menyu za nyota, sauti inasoma mpaka muda unaisha menyu inajifunga, inakera kweli. Ongeza kasi ya kusoma na ukariri njia kama wa kitochi, ukisikia tu neno la kwanza unabonyeza. Programu ya benki yenyewe haikimbii namna hiyo, ila ijaribu kwanza na kiasi kidogo, nyingine vitufe vyake havisomeki, unasikia kimya tu.

Kwa mwenye mikono inayotetemeka au iliyokakamaa, weka simu mezani, usiishike hewani. Na namba yenyewe isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, mtaa mzima unaujua.

Hatua ya tatu: anza kuweka, na uanzie kikundini

Watu wengi wanakimbilia benki kwanza. Mimi nasema anza na kikundi, VICOBA au vile vya hisa, kwa sababu kikundi kinakuzoesha kuweka kila wiki na watu wanakujua, benki baadaye inakuwa rahisi.

Chagua kikundi chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, chenye katiba iliyoandikwa, na ambacho kimesajiliwa halmashauri, kwa sababu toka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Kabla hujalipa kiingilio waulize vitu vya ulemavu wako palepale, wasije wakakuzoea vibaya. Mimi niliuliza mnakutania wapi, wakasema kwa mwenyekiti, kule mlimani, nikawaambia nikija kwa magongo mvua ikinyesha nachelewa na nyie mnatoza faini ya kuchelewa, kwahiyo faini hiyo ni ya mguu wangu. Wakahamishia chini karibu na barabara. Walikuwa hawajawahi kufikiria tu.

Rafiki yangu kiziwi, anaanika dagaa Kibirizi, yeye alikuwa anakaa kikao kizima anaangalia midomo ya watu, mwisho wa mzunguko anapewa kiasi hajui kimepatikanaje. Sasa hivi anakaa mbele anatazamana na katibu, na kila namba inaandikwa kwenye ubao mdogo wa mtoto wa shule, hisa, mkopo, faini. Kumbe hata wanaosikia wakawa wanaelewa vizuri zaidi. Kama unaweza kumpata mkalimani wa lugha ya alama kwa siku ya kugawana, ulizia kupitia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania. Ila namba zako za siri mkalimani hazimhusu.

Kwa asiyeona, kile kitabu cha hisa kina mihuri ambayo haiwezi kumwambia kitu. Mama mdogo ana kamba ya mkonge, kila hisa fundo moja, mwezi ukiisha anafunga fundo kubwa. Siku ya kikao katibu anasoma hisa zake kwa sauti mbele ya wote, yeye anapitisha mafundo kidoleni. Mwaka jana katibu alisoma 43, mama mdogo akasema hapana, 45. Wakarudia kitabu, ilikuwa 45.

Kiasi gani? Usijipangie kama mfanyakazi wa mshahara. Huku kwetu pesa inakuja na giza la mwezi, wavuvi wa taa wanaingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikishika wanapumzika, na sisi tunaoanika na kuuza tunapumzika nao. Kwahiyo weka hisa nyingi wiki za giza, wiki za mbalamwezi weka ile ndogo kabisa inayoruhusiwa, na mwambie kikundi kikubali hivyo kwenye katiba. Alafu kuna kufungwa kwa ziwa, 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, aliyekuwa hana akiba alikopa mpaka chumvi. Weka akiba yako ukijua siku hizo zinakuja.

Kama kikundi chenu kina simu, kuna M-Koba ya Vodacom, pesa ya kikundi inakaa kwenye simu na kutoa lazima viongozi waidhinishe na wanachama wanaona meseji. Kwa mtu kiziwi ni nzuri sana, kila kitu kinakuja kwa maandishi.

Hatua ya nne: benki

Ukishagawana mwisho wa mzunguko, ile pesa kubwa isikae ndani. Pesa iliyo benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana, benki ikifilisika mteja analipwa mpaka shilingi 7,500,000, kikundi hakina kinga hiyo.

Siku moja kabla, nenda au mtume mtu akaulize vitu vinne tu: wanataka nini (mara nyingi namba ya NIDA, namba ya simu, picha, wakati mwingine barua ya serikali ya mtaa), kianzio bei gani, kuna makato ya kila mwezi au hakuna, na wakala wao wa karibu na kwako ni nani. Hilo la makato uliza mara mbili, akaunti yenye makato ya mwezi inakula akiba ndogo mpaka inaisha. Benki nyingi sasa zina akaunti rahisi za kufungulia kwa wakala au kwa simu, kwahiyo kama kwenda tawini ni safari, anza na hiyo.

Ukiamua kwenda tawini nenda asubuhi katikati ya mwezi, usiende tarehe za mishahara. Kuna benki moja niliwahi kufika ina ngazi saba, mlinzi mwema kabisa akaniambia dada lete hela na kitambulisho nikupelekee ndani, wewe kaa hapa kivulini. Nilimshukuru, nikamwambia mwite mtu wa huduma kwa wateja atoke yeye. Alitoka. Alikuja na fomu na kiti, tukajazia pale nje. Kumbe inawezekana, ila inabidi useme. Na ukiwa na nguvu za kusema zaidi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Tanzania iliridhia 2009, kifungu cha 12, unasema mtu mwenye ulemavu ana haki sawa ya kusimamia pesa zake mwenyewe na kupata mikopo ya benki. Usiende na hasira, nenda unajua.

Kwenye fomu sasa. Kama huoni au hujui kusoma, isomwe yote kwa sauti kabla ya dole gumba kugusa wino, na isomwe na mfanyakazi wa benki, sio na ndugu yako peke yake, na ndugu awepo asikilize kama shahidi. Waambie waandike kwenye kumbukumbu zako kwamba kutoa pesa ni wewe mwenyewe ukiwepo, na picha yako iwekwe humo. Kiziwi waambie waandike kwamba mawasiliano ni meseji tu, usipigiwe, maana wakipiga simu kuhakiki muamala alafu usipokee wanaweza kuufunga. Mwenye ualbino au uoni hafifu omba fomu ikuzwe kwa fotokopi, na ATM nenda saa ambayo jua halipigi kwenye kioo.

Mtego mkubwa uko kwenye akaunti ya pamoja. Ndugu atakwambia tufungue wote wawili ili nikusaidie. Sawa, ila pale kwenye masharti ya saini kuna "yeyote mmoja" na kuna "wote kwa pamoja". Ukiweka yeyote mmoja, umempa pesa. Weka wote kwa pamoja. Na kama ni hati ya kisheria ya kumpa mtu mamlaka, iandikwe kwa jambo moja na mwisho wake tarehe fulani, usimpe mamlaka ya kila kitu milele. Kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu wa akili, wekeni wasimamizi wawili wasio wa nyumba moja, na yeye mwenyewe apelekwe benki aonyeshwe, ajue kuna pesa yake mahali. Wengi wanaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Kushika noti na kwa wakala

Noti zetu zinarefuka kadri thamani inavyopanda, elfu moja ndio fupi, elfu kumi ndio ndefu kuliko zote. Tofauti ni ndogo, kwahiyo weka noti moja unayoijua kama kipimo, ilinganishe kwa kidole. Ukishajua, kunja: elfu moja iache wazi, elfu mbili kunja mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi viringisha. Wenye uoni hafifu fuateni rangi, elfu moja bluu, elfu mbili hudhurungi, elfu tano zambarau, elfu kumi nyekundu.

Kwa wakala usiondoke kabla meseji haijaingia na kusomwa, na isomwe na mtu asiye wakala. Chagua wakala mmoja au wawili uwazoee, wenye kaunta unayoifikia. Akikuongezea hela ya juu mbali na makato ya kawaida, kataa, yeye ana kamisheni yake. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" hazina mwenyewe, ziripoti kwenda 15040.

Mikopo ya halmashauri

Ipo na ni haki yetu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ilikuwemo kwenye zile halmashauri 10 zilizotajwa kujaribu kuipitisha benki. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mwambie unataka ile ya asilimia 2, masharti ya idadi ya watu kwenye kikundi kwetu sisi ni mepesi kuliko ya wengine. Wapo watu wazima wa afya wanaoingiza jina la mlemavu mmoja kwenye kikundi chao ili wapate, alafu mgao unampitia pembeni. Ukiombwa jina lako, uliza akaunti ya kikundi nani anasaini. Kama wewe sio mmoja wa wanaosaini, jina lako lisitumike.

Mambo yakienda vibaya

Pesa ikipungua, siku hiyohiyo piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, au kama ni ya benki nenda tawini, wafunge kwanza, maswali baadaye. Kiziwi asihangaike na simu, aende na karatasi imeandikwa namba, kiasi, saa. Omba taarifa ya miamala yote kwa karatasi. Alafu andika malalamiko kwa benki au mtandao wenyewe, wakikuzungusha ndio unapanda Benki Kuu, ambao wana mfumo wa malalamiko kwenye mtandao unaitwa Sema na BoT, na tawi lao la Mwanza lipo. Benki Kuu watakuuliza ulianza wapi, kwahiyo barua ya kwanza ipeleke nakala mbili, moja waichukue, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, na hiyo yenye muhuri usimpe mtu akutunzie. Mama mdogo ya kwake iko ndani ya mfuko wa plastiki, imefungiwa pamoja na ile kamba.